Marv Tarplin: gitaa lililotangulia maneno

Wimbo unapoletwa darasani kwetu, huletwa kwenye karatasi. Tunapewa beti, tunahesabu mizani, tunatafuta sitiari, kisha tunaulizana mshairi alikusudia nini. Gitaa linabaki nje ya mlango. Sina ugomvi na zoezi hilo. Nimelifanya mara nyingi na limenifunza mengi. Lakini kuna nyimbo ambazo kwa njia hiyo tunazisoma kuanzia mkiani, kwa sababu ndani yake maneno ndiyo yaliyokuja mwisho. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni kazi ya Mmarekani mmoja ambaye wengi wanaopenda nyimbo zake hawajapata kusikia jina lake: Marvin Tarplin, au Marv kwa ufupi, mpiga gitaa wa kundi la The Miracles.

Alizaliwa Atlanta, jimbo la Georgia, tarehe 13 Juni 1941, akakulia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana weusi wa Detroit walikuwa wakiunda makundi ya kuimba mtaa kwa mtaa: watu wanne au watano, sauti ya juu, ya kati na ya chini, mara nyingi bila ala yoyote. Tarplin alikuwa akiwapigia gitaa wasichana wanne walioitwa The Primettes. Mmoja wao, Diana Ross, alikuwa amewahi kuishi jirani na William “Smokey” Robinson, kiongozi wa The Miracles, na wasichana hao walitafuta njia ya kumfikia Berry Gordy, ambaye mwaka 1959 alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Motown. Robinson aliwasikiliza, akakubali kuwasaidia, na akaondoka na mpiga gitaa wao. Wasichana hao baadaye waliitwa The Supremes na wakapata umaarufu mkubwa kuliko wa The Miracles wenyewe, kwa hiyo tusiwaonee huruma kupita kiasi.

The Miracles walikuwa waimbaji watano: Robinson, Claudette Rogers aliyekuwa mke wake, Bobby Rogers, Ronnie White na Pete Moore. Tarplin hakuimba. Alikaa nyuma yao na gitaa, na katika kazi ya kutunga akawa na desturi moja ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Alikuwa akipiga nyumbani mpaka apate kipande kinachomridhisha, mfuatano wa koodi na sauti ndogo inayozunguka ndani yake, kisha anakirekodi kwenye kanda na kumpa Robinson. Kanda haikuwa na neno hata moja. Robinson alikaa nayo, akaisikiliza tena na tena, akitafuta ni jambo gani linaloweza kusemwa juu ya sauti ile.

Chukua “The Tracks of My Tears” ya mwaka 1965, ambayo watunzi wake walioandikwa ni Robinson, Moore na Tarplin. Robinson amesimulia kwamba mwanzo wake wa gitaa ulizaliwa Tarplin alipokuwa akicheza na wimbo wa Harry Belafonte wa makuli wa Jamaika wanaopakia ndizi usiku, ule uliotoka katika albamu ya Belafonte ya mwaka 1956. Tarplin aliupunguza mwendo. Kilichokuwa wito wa wafanyakazi kikawa kitu cha polepole, chenye kusitasita, kama mtu anayepanda ngazi bila kutaka kufika juu. (Belafonte huyohuyo, katika mwaka huohuo wa 1965, alitoa albamu pamoja na Miriam Makeba ambamo “Malaika” iliimbwa kwa Kiswahili. Nyimbo husafiri bila kuomba ruhusa.)

Huzuni, basi, ilikuwapo kabla ya mtu mwenye huzuni. Robinson alipata kwanza sehemu za maneno: mwanamume anayechekesha watu kwenye sherehe lakini moyoni ameachwa. Picha kuu ilichelewa. Kwa maelezo yake, ilimjia mbele ya kioo, alipowaza juu ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaacha alama usoni. Kwenye karatasi sitiari hiyo inaonekana kama mbegu ambayo wimbo wote umeota kutokana nayo. Kwa kweli ilikuwa tunda, na mti ulikuwa umekwisha kusimama.

Nilijaribu kulitafsiri jina la wimbo huo na nikaona jinsi gitaa linavyotawala. Kwa maana, neno linalofaa ni “michirizi”: alama inayoachwa na maji yanayotiririka. “Nyayo” ni za mwenye miguu. Lakini katika Kiingereza jina lina silabi tano tu, nalo limekaa barabara juu ya kipande cha Tarplin. “Michirizi ya machozi yangu” ni silabi kumi. “Nyayo za machozi” ni sita, na kwa kubana kidogo mwimbaji angeweza kuziingiza. Kamusi inachagua michirizi, gitaa linachagua nyayo. Mwanafunzi mwenye karatasi pekee atanikosoa kwa kuchagua nyayo, na kwa hoja zake atakuwa na haki. Ila hatakuwa ameuona ukuta niliogonga.

Mwaka huo wa 1965 ulikuwa wa Tarplin. Jina lake limo kati ya watunzi wa “My Girl Has Gone” na “Going to a Go-Go” za The Miracles. Limo pia katika “I'll Be Doggone” na “Ain't That Peculiar” za Marvin Gaye, ambazo zote mbili zilifika nambari 1 katika orodha ya muziki wa watu weusi wa Marekani. Ukizisikiliza hizo za Gaye, utaona kwamba gitaa la mwanzo tayari limekwisha kusema wimbo utaendaje. Mwimbaji anaingia kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Kuandikwa mtunzi halikuwa jambo dogo. Wapigaji wa studio ya Motown, walioitwa The Funk Brothers, walibuni sehemu nyingi ambazo dunia inazikumbuka, na majina yao hayakuchapishwa kwenye diski kuu ya kampuni hiyo mpaka “What's Going On” ya Gaye mwaka 1971. Anayeandikwa mtunzi hulipwa kila wimbo unapouzwa au kuimbwa na mwingine. Anayepiga tu hulipwa siku ya kazi. Robinson aliona kwamba kipande cha gitaa ni utunzi, akamwandika mwenzake. Napenda kumpa sifa hiyo wazi, maana wengi hawakufanya hivyo.

Kuhusu uanachama mambo hayakuwa wazi hivyo. Katika picha za majalada ya The Miracles mara yumo, mara hayumo. Sisi tuliozoea muziki wa Kongo, ambamo mpiga solo hutajwa kwa jina katikati ya wimbo na ambamo Franco na Docteur Nico walikuwa wafalme wakiwa na gitaa mikononi, tunashangaa. Lakini kundi la sauti lilihesabu sauti.

Robinson aliliacha kundi mwaka 1972. Tarplin naye hakubaki sana. Alimfuata, akaendelea kumpigia jukwaani mpaka mwaka 2008. Katika kipindi hicho walitoa “Cruisin'” ya mwaka 1979, ambayo iliandikwa kwa majina yao wawili tu na kufika nambari 4 katika orodha kuu ya Marekani. Hapo kanda ilisubiri zaidi kuliko zote: Robinson amesema alihangaika miaka kadhaa kabla ya kupata maneno ya kuiweka juu yake. Miaka kadhaa, sauti ipo, imekamilika, na “mshairi” bado anatafuta.

Mwaka 1987 jumba la heshima la muziki wa rock la Marekani lilimwingiza Robinson peke yake. The Miracles waliachwa nje. Kosa hilo lilisahihishwa na kamati maalumu miaka 25 baadaye, na safari hii mpiga gitaa aliorodheshwa pamoja na waimbaji. Sherehe ilifanyika Cleveland mwezi wa Aprili 2012. Tarplin alikuwa amefariki Las Vegas tarehe 30 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 70.