Mita Moja, Milango Sita

Katika bei za umeme zilizopangwa Tanzania mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, liliwekwa daraja liitwalo D1 kwa muradi wa kumwauni fukara: aliyetumia kwa wastani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa uniti, na aliyepita hapo kwa kawaida akahesabiwa katika daraja la T1, ambako uniti ilikuwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Nia ilikuwa njema, kwani mwenye taa mbili na redio hastahiki kutozwa sawa na mwenye viyoyozi. Taabu imo katika mizani yenyewe: iliyohesabiwa ni mita, nayo mita haijui idadi ya watu wanaoitegemea.

Ingia katika nyumba ya Kiswahili ya Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uwani wanakopikia, na ukutani LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inayowatumikia wote. Jioni, uniti zikikaribia kwisha na mita ikianza kulia, mmoja hupita mlango kwa mlango kukusanya michango. Na hapo ndipo huzuka maneno, huyu akidai hana ila balbu moja, yule akisutwa kwa friji yake ya kuuzia barafu, na mama mwenye mtoto mchanga akiomba asubiriwe hadi kesho. Nimekaa katika nyumba ya namna hiyo, na nimeona majirani waliozikana na kuuguzana wakinuniana kwa ajili ya uniti kumi.

Sasa tupige hesabu kwa bei hizo za 2016. Kaya sita, kila moja ikitumia uniti 20, jumla yao ni 120. Lau kila kaya ingalikuwa na mita yake, ingalilipa shilingi 2,000. Lakini kwa kuwa wote wamo katika mita moja, nyumba huingia T1, na kila mlango hutoa shilingi 5,840. Ilhali mtu akaaye peke yake katika nyumba nzima, apikaye kwa gesi na kusafiri mara kwa mara, yamkini asifikie uniti 75, akaipata nafuu waliyokusudiwa wale sita. Hiyo ni dhulma, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia.

Wenye nyumba wengine hufunga mita ndogo kwa kila chumba, nazo hupunguza ugomvi wa kugawana, lakini hazipunguzi bei. Dawa ni kukiongeza kiwango cha nafuu kwa idadi ya kaya zilizomo, ikithibitishwa na serikali ya mtaa, ambayo wajumbe wake huwajua wakaazi nyumba kwa nyumba. Itasemwa kwamba watu watadanganya. Nao wapo watakaodanganya, lakini hila ya wachache haiwi hoja ya kuwanyima wengi haki yao. Nawasihi wapangao bei, kabla ya kuandika kiwango kingine, wapite jioni moja katika ukumbi wa nyumba hizo na kuhesabu milango.