Presha si Maradhi ya Wazee Pekee

Imezoeleka majumbani mwetu kwamba kipimo cha presha ni cha bibi na babu. Kijana wa miaka 25 hatumdhanii maradhi hayo. Ilhali shinikizo la damu aghalabu halina dalili, na mtu huweza kukaa nalo miaka mingi pasi na kujua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban robo ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajapimwa hata mara moja.

Madhara yake huanza kimyakimya. Damu inaposukuma kuta za mishipa kwa nguvu usiku na mchana, kuta hizo hujeruhika, na ndani ya seli huzidi chembe kali zitokanazo na oksijeni. Zikizidi, hushambulia hata DNA, yaani maandishi ya maumbile yaliyohifadhiwa ndani ya seli. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili uwezo wa kuyatengeneza yaliyoharibika. Lakini uharibifu ukizidi matengenezo, seli huchakaa kabla ya wakati wake, na mishipa ya kijana huweza kukakamaa kama ya mzee.

Wapo wasemao, "Presha ni ya ukoo wetu, tufanyeje?" Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Wepesi wa kupata presha hurithiwa, naam. Lakini uharibifu tulioutaja katika mishipa haukurithiwa kwa wazazi, wala hatutawarithisha watoto. Huo twauchuma wenyewe maishani, na sigara huuongeza. Basi tusimkatae mchumba mwema kwa kuwa babaye alipatwa na kiharusi, wala tusikae kitako tukisingizia ukoo.

Tufanye nini? Kwanza, tupime. Kipimo kilicho chini ya 120/80 ni kizuri. Kikifika 140/90 au zaidi, katika siku mbili mbalimbali, hiyo ni presha ya kutibiwa. Pili, tupunguze chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na iliyomo katika achari, chipsi na samaki wa chumvi. Tatu, vijana waache sigara na mugoka, ambayo huupandisha mpigo wa moyo na presha yenyewe. Nne, aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kujiona hajambo. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mola. Mwili ni amana, na amana hutunzwa.

Mashine ya kupimia imo katika baadhi ya nyumba tayari. Akishapimwa bibi, ukanda ule usirudishwe sandukuni. Avishwe na mjukuu.