Mhusika huyu ni wa nani?

Familia nyingi za upande wetu wa mashariki zina watoto wanaoishi Marekani na Kanada. Huko vijana wengine hukusanyika mezani jioni, wakiwa na karatasi, kalamu na kete, kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Unaojulikana zaidi unaitwa Dungeons & Dragons. Katika miaka ya 1980 Wakristo kadhaa wa Marekani waliushutumu kuwa unafundisha uchawi. Mjadala huo ni mwingine. Leo tunaeleza ugomvi unaotokea kati ya wachezaji wenyewe.

Mchezo unachezwa namna gani?

Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974. Kampuni iliyouchapisha ilikuwa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin. Kila mchezaji anabuni mtu mmoja wa hadithi: jina lake, ukoo wake, kazi yake, nguvu na udhaifu wake. Mmoja wa kikundi anakuwa mwongoza mchezo. Yeye ndiye anayeeleza mahali walipo, anayesema kwa niaba ya maadui na wenyeji, na anayeamua sheria. Mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, kisha kete yenye pande 20 inaonyesha kama amefaulu. Hadithi moja huweza kuendelea kwa miezi, hata miaka.

Basi mwongoza ana ulimwengu mzima mkononi, na mchezaji ana mtu mmoja tu.

Ugomvi unaanzia wapi?

Mhusika akijeruhiwa au akifa vitani, hakuna wa kulalamika sana, kwa sababu wote walikubali hatari hiyo tangu mwanzo. Jambo ni tofauti mwongoza anaposema: «Tangu leo mtu wako ni mwoga,» au «Usiku aliwasaliti wenzake,» au anapombadilisha mwili, wazazi au tabia bila kumuuliza aliyembuni. Mchezaji anaona kwamba kile kimoja alichopewa kimechukuliwa.

Vitabu vya zamani vilimpa mwongoza nguvu hiyo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilisema kwamba askari mtakatifu, anayeitwa paladini, akitenda uovu kwa kujua anapoteza hadhi yake milele. Lakini nani anaamua uovu ni nini? Waongoza wengine walitega mtego: paladini aachie mwizi aue mtoto, au avunje kiapo ili amwokoe. Njia zote mbili zilimwangusha. Kitabu cha waongoza cha mwaka 1979 kilikuwa na kofia ya laana iliyogeuza mwema kuwa mwovu, na mshipi uliogeuza mwanamume kuwa mwanamke.

Mabadiliko yaliyokuja

Polepole desturi ilibadilika. Mwaka 2013 John Stavropoulos alitoa kadi yenye alama ya X: mchezaji akiigusa, jambo lililoletwa linaondolewa, naye halazimiki kueleza sababu. Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa bure kijitabu kuhusu ridhaa katika michezo hii. Na mwaka 2020 kitabu cha Dungeons & Dragons chenyewe kilieleza kikao cha maandalizi, ambapo kikundi kinapatana kabla ya kucheza juu ya mambo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Mchezo mwingine, Fate, umeweka jambo hili ndani ya sheria: mwongoza akitaka kutumia udhaifu wa mhusika kumtia matatani, anampa mchezaji pointi, mchezaji akikataa, yeye ndiye anayelipa pointi moja.

Wengine wanapinga: «Nikiuliza kwanza, mshangao umekwisha.» Si lazima. Mwongoza anaweza kusema: «Ninataka kubadilisha kitu kikubwa katika maisha ya mtu wako. Unaniruhusu, bila kujua ni kitu gani? Na kuna jambo ambalo nisiliguse?» Mchezaji anayejibu ndiyo atashangaa vilevile, ila hatajisikia ameibiwa.

Ikiwa limekwisha kutokea

Lisimaliziwe ndani ya hadithi kwa kulipiza kisasi, maana hapo wote wanaharibikiwa. Msimamishe mchezo, mzungumze kama watu wenye majina yenu wenyewe. Mwongoza anaweza kumrudisha mhusika alivyokuwa. Hadithi ni yao, hakuna anayewakataza kufuta jioni moja. Akikataa kusikiliza, mchezaji yuko huru kuondoka mezani.

Mzazi anayepigiwa simu na mtoto wake kutoka mbali hahitaji kujua sheria zote. Maswali mawili yatamsaidia: «Nani anaongoza mchezo wenu?» na «Ukimwambia hapana, anafanya nini?»