Vitamini ya Chakula si Dawa ya Moyo

Iko vitamini moja iitwayo niasini. Jina lake jingine ni asidi ya nikotini. Usidhani kwa ajili ya jina hilo kwamba tumbaku itakupa vitamini. Haitakupa, tumbaku huharibu mishipa ya damu.

Niasini hufanya kazi gani? Huusaidia mwili kupata nguvu kutoka katika chakula. Mtu akiikosa siku nyingi hupata ugonjwa wa pelagra. Ngozi ya shingo na mikono, mahali jua linapopiga, huwa nyeusi na kukwaruza. Tumbo huhara, akili huchafuka, na asiyetibiwa aweza kufa. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokaa Malawi walikosa karanga katika posho yao, wakabaki na mahindi hasa. Watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra.

Sisi wa Yanonge tunao mto. Samaki, nyama na karanga vina niasini; muhogo una kidogo tu. Basi usiuze samaki wote na kuwaachia watoto muhogo mtupu.

Je, vitamini hii huponya moyo? Mwaka 1955 waganga wa Kanada walieleza kwamba niasini nyingi hupunguza kolesteroli, ndiyo mafuta ya damu yanayoweza kuziba mishipa. Wengi wakaitumaini. Lakini kupunguza mafuta ni jambo moja, kumwokoa mgonjwa ni jambo lingine. Baadaye wagonjwa zaidi ya 25,000 wa Ulaya na China, waliokuwa wakimeza dawa nyingine ya mafuta ya damu, walijaribiwa. Nusu yao waliongezewa niasini gramu 2 kila siku, kipimo kinachopita mara 100 haja ya mtu mzima. Majibu yalitoka mwaka 2014: shida za moyo na kupooza hazikupungua vya kutosha, bali ugonjwa wa sukari na kutoka damu viliongezeka.

Kwa hiyo ukumbuke:

1. Mwenye pelagra apewe vidonge kwa kipimo cha mganga, naye atapona.

2. Mwenye ugonjwa wa moyo asiache dawa yake kwa ajili ya vidonge vya vitamini vya sokoni.

3. Ukiona dalili hizi kwa mtu wa nyumba yako, mlete hospitali mapema.