Mgodi wa jirani si hisa yako

TARIME: Mfanyabiashara wa Genkuru anayeuona mgodi wa North Mara kila siku anaweza kudhani anaijua vema hisa yake. Historia ya soko inamtahadharisha.

Kampuni mama ya mgodi huo, African Barrick Gold, iliuza hisa London Machi 2010 kwa peni 575 kila moja. Desemba 2011 iliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baadaye ikaitwa Acacia.

Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. North Mara haikuguswa moja kwa moja, kwani iliuza mikuo ya dhahabu. Hata hivyo bei iliporomoka, kwa kuwa Acacia ilimiliki pia Bulyanhulu na Buzwagi, zilizotegemea makinikia. Katika makubaliano ya Julai 2019, Barrick ilikubali kuwalipa wanahisa wengine kwa hisa zake. Kila hisa ya Acacia ikathaminiwa takriban peni 232. Septemba mwaka huo Acacia ikatoka sokoni.

Mwenye mtaji mdogo azingatie haya. Hisa ni sehemu ya kampuni nzima, si ya shimo moja. Soma hesabu za mwaka: faida, madeni na gawio. Tumia dalali mwenye leseni. Gawanya fedha katika kampuni kadhaa. Na fedha za karo au za mzigo wa dukani zisiingie humo, usije ukalazimika kuuza siku bei iko chini.