Kinga ya Plastiki Chini ya Gari

Barabara ya lami itokayo Bujumbura kuelekea kusini hufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75, kisha huendelea Nyanza-Lac. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kiliidhinishiwa fedha za matengenezo na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Lakini michikichi mingi haikuoteshwa kando ya lami. Gari liendalo kuchukua mikungu vilimani hupita njia za mawe na makorongo, na huko ndiko tumbo lake linakoumia.

Jiwe moja lililojificha katika matope latosha kupasua sampo. Oili humwagika, na dereva asiyetazama taa nyekundu huendelea mpaka injini ikwame. Wakati huo mikungu iliyokwisha katwa haingoji fundi. Kadiri chikichi zinavyokaa, ndivyo asidi inavyozidi katika mawese yake na thamani kupungua.

Kinga iliyozoeleka ni bamba la chuma. Hilo ni imara, ila ni zito: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 6 hufikia kilo 47. Tena chuma hukwaruza jiwe na kukwama juu yake. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wa magari ya porini huongeza chini yake bamba la politini ngumu, ile ile inayotandikwa ndani ya bodi za malori ya kumwaga kokoto ili mzigo uteleze. Bamba la milimita 12 lina uzito wa kilo 11 hivi kwa mita ya mraba. Isichanganywe na mifuko myepesi iliyopigwa marufuku nchini Burundi kwa amri ya mwaka 2018.

Hata hivyo, kazi ya plastiki ni kuteleza, wala si kubeba gari. Ikifungwa peke yake hupinda na kuisukuma sampo. Yafaa iegemee chuma au fremu iliyo imara.

Gundi haishiki politini, basi hapana budi kutumia bolti, na vichwa vyake vizamishwe ndani ya plastiki visije vikanasa mawe. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Joto likipanda kwa digrii 40, bamba la mita moja hurefuka kwa milimita 5 hadi 8, ilhali chuma hakifiki hata milimita moja. Matundu yakitobolewa kwa kipimo cha bolti, bamba litavimba katikati au kupasuka pembeni. Matundu yawe marefu kidogo, na washa ziwe pana.

Bomba la moshi nalo liangaliwe sana. Politini hulegea mapema na huyeyuka karibu na digrii 130, tena huwaka moto. Ikatwe mbali na bomba, na liachwe tundu la kumwagia oili chafu. Baada ya kila safari ya vilimani, majani makavu na mafuta yaliyokusanyika juu ya bamba yaondolewe.

Pipa kuukuu la plastiki lililopasuliwa laweza kuzuia matope na visiki vidogo. Mbele ya mwamba ni jembamba mno.