Maketi ya kibanda cha telegrafu: uliza kilo zake

Tukionyeshwa maketi tunashangilia: angalia dirisha, angalia manjanja, hata kufuli ipo! Leo niwaeleze kidogo juu ya maketi za zamani, zile za vibanda vya kubebwa vya watu waliotandika waya za telegrafu.

Waya ilisonga mbele kilomita kwa kilomita, na kikosi kinahama nayo. Kibanda kilipaswa kufunguliwa vipande, kubebwa, kisha kusimamishwa tena, vyombo na betri visinyeshewe. Maketi ilimsaidia mnunuzi aone namna vipande vinashikana, bila kusafirisha nyumba nzima.

Shida hiyo hiyo waliikuta wenye hospitali za vita. Mwaka 1885, ule ule ambao Leopold II alijipatia Kongo, Msalaba Mwekundu ulifanya mashindano ya mabanda ya kubebwa huko Antwerpen. Wengine walileta banda zima, wengine maketi tu. Ulishinda mfumo wa Doecker, kapteni wa Denmark: fremu za mbao na kartoni nene isiyopitisha maji, kulabu za kufungia, na masanduku ya kupakilia yanageuka sakafu. Hapo nawapa heko.

Lakini maketi inaficha kitu kimoja: uzito. Tuseme imepunguzwa mara kumi, kwa vifaa vile vile. Urefu unagawanywa kwa 10, eneo la ukuta kwa 100, lakini uzito kwa 1,000. Maketi ya kilo moja na nusu, unaibeba kwa mkono mmoja. Kibanda chenyewe ni kilo 1,500. Ukimpa kila mpagazi kilo 30, unahitaji watu 50, na hao watu wanakula. (Sisi wa agronomia tunajua: kinachofaulu kwenye kiploti cha majaribio, kwenye hekta kinadai mikono mingine.)

Ushahidi hauko mbali na sisi. Stanley alipitisha msituni Ituri mashua ya chuma, Advance, yenye vipande 12, kila kimoja kama kilo 34. Hesabu ya fundi ilikuwa sawa kabisa. Lakini njaa iliwamaliza wapagazi, mashua ikaachwa Ipoto. Desemba 1887 Stanley akafika Ziwa Albert bila chombo, ikabidi arudi nyuma msituni. Mashua ilikuja kufika ziwani Aprili 1888.

Kwa nini nawasumbua na mambo ya kale? Kwa sababu hapa kwetu Musienene na Butembo, wakimbizi wa vita wanalala chini ya bashi, na kati yenu wamo wanaochora makazi ya kubebwa. Vizuri sana. Basi pembeni ya maketi muandike: kipande kizito kuliko vyote ni kilo ngapi? Kinaingia kwenye pikipiki ao kinadai chukudu? Na mvua ikiharibu barabara, mama mmoja na mtoto wake wataweza kukiinua?